Nimetoka kwenye maonyesho ya kufuma na viraka Iringa. Kwa nini watu wa baridi wanapenda rangi kali hivi?

#1 Ulanzi Baridi
Wakuu, kamwene.

Jumamosi mke wangu alinikokota kwenye maonyesho ya akina mama wanaofuma na kushona viraka, ukumbi wa kanisa hapa Iringa mjini. Nilikwenda kwa shingo upande, mpira nikauacha. Kuingia tu, ukuta mzima umetundikwa mablanketi ya viraka vya vitenge. Meza ya pili masweta ya watoto yenye mistari, mizula, soksi ndefu. Meza ya mwisho vitambaa vya makochi vya kroshia. Kwa bibi yangu vile vitambaa vilikuwa vyeupe tu, vya kufunika redio. Hapa vimekuwa zambarau kwa chungwa kwa kijani cha limau. Kuna blanketi moja nilisimama mbele yake mpaka mama mwenye nalo akaniuliza, "Baba, unanunua au unasali?"

Ukitoka nje sasa: ukungu, bati la kijivu, watu wote na makoti meusi.

Karibu wote walioleta kazi ni wa Mafinga, Njombe, Makete, Tukuyu. Dhana yangu ni kwamba huu ni urithi wa masista. Wakonsolata, lile shirika la Kikatoliki la Kiitaliano pale misheni ya Tosamaganga, waliwafundisha bibi zetu kufuma tangu 1897, na Waitaliano kwa rangi hawajambo. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Siti ya Mbele
Uzi bila picha ni batili. Nimekaa, nasubiri.

#3 Ulanzi Baridi
Mkuu #2, picha walikataza. Wanasema watu wanapiga, wanapeleka michoro kwa mafundi wa Dar, wiki ijayo inauzwa Kariakoo.

#4 Mlinzi wa Boma
Mleta mada, tarehe zako zimegongana. Tosamaganga iliasisiwa na Wabenediktini, Wajerumani, miaka ile ile Mkwawa alipokuwa bado anapigana porini. Yeye amekufa 1898. Wakonsolata wamefika Iringa 1919, baada ya Wajerumani kushindwa vita na kuondolewa. Kwa hiyo kama ni 1897, rangi zako za Kiitaliano hazikuwepo.

Halafu usiwasahau Waprotestanti. Wamoravian walikuwa Rungwe tangu 1891, na Wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huo huo. Kila misheni ilikuwa na darasa la wasichana, na darasa la wasichana maana yake sindano. Tatizo la dhana yako ni kwamba kazi za misheni zilipendwa zikiwa nyeupe. Nguo ya altare, kitambaa cha meza, shela ya komunio. Hiyo kroshia nyeupe ya bibi yako ndiyo misheni yenyewe. Hizi rangi zimekuja baadaye.

#5 Binti Mufindi
Nakazia #4. Shangazi yangu alisoma kwa masista, mpaka leo ukimpa uzi mwekundu anauliza nani amekufa au nani anaolewa.

#6 Mama Cherehani
Wanangu hamjambo. Mimi niko Mafinga, nafuma na kushona siku nyingi, na kwenye hayo maonyesho nilikuwa na meza. Siyo yule aliyemuuliza baba kama anasali, ingawa ningemuuliza hivyo hivyo.

Hamjakaa kwenye kiti cha mfumaji, ndiyo maana mnatafuta mbali. Rangi zinatokana na mabaki. Sisi riziki yetu kubwa ni masweta ya shule. Shule hii inataka kijani cheusi, ile rangi ya damu ya mzee, nyingine bluu yenye mstari wa njano shingoni. Uzi unaununua kwa koni, sweta likiisha linabaki bonge la ngumi moja. Utalitupa? Unaliweka kwenye kiroba. Ukifika mwisho wa mwaka kiroba kimejaa rangi za kila shule ya wilaya. Hapo ndipo unapomfumia mjukuu.

Na kwa wasiotosheka na mabaki, kuna mtumba. Siku ya mnada unachagua sweta la sufu lenye tundu kwenye kiwiko, unalipata kwa bei ya chee. Unalifumua, unauzungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, unauosha, unautundika na kitu kizito chini ili ule mkunjo utoke. Sweta la Mzungu mmoja linatoa kofia nne. Rangi hukuchagua wewe, ulichagua bei.

Viraka ni hivyo hivyo. Fundi akikata gauni la kitenge kona zinabaki. Nenda kwa fundi yeyote jioni, chini ya cherehani yake kuna blanketi zima.

#7 Mtoto wa Tukuyu
Shikamoo mama #6. Nina swali, hizo rangi nyingi kwenye sweta moja mnazibebaje? Mimi nikijaribu nyuzi zinajisokota kama tambi.

#8 Mama Cherehani
Marahaba mwanangu. Siri ni hii: kwenye safu moja usibebe zaidi ya rangi mbili. Unayotumia iko mbele, isiyotumika inapita nyuma. Baada ya vitanzi vitatu vinne unazikutanisha, la sivyo huko nyuma panabaki uzi mrefu na mtoto akivaa kidole kinanasa. Safu inayofuata unabadilisha mojawapo. Mtu akitazama anaona rangi kumi na tano, kumbe mkononi hazijawahi kuzidi mbili.

#9 Mhamiaji Baridi Mbili
Alichosema mama #8 ndicho wanachofanya Fair Isle, kisiwa kidogo kule Shetland, Uskoti. Masweta yao yanajulikana dunia nzima kwa rangi, na kanuni ni hiyo hiyo, mbili kwa safu.

Na kuna mzee mmoja, Kaffe Fassett, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco 1937 akahamia London 1964. Alikuwa mchoraji. Akaenda Uskoti, akanunua nyuzi za rangi zilizomvutia na sindano, hajui hata kuanza. Kwenye treni ya kurudi London mwanamke abiria mwenzake akamfundisha. Kuanzia hapo hakuacha, akaingia na kwenye viraka. Mwaka 1988 makumbusho ya Victoria and Albert wakampa maonyesho yake peke yake, heshima ambayo msanii wa nyuzi na vitambaa aliye hai hakuwahi kupewa pale kabla yake. Niliwahi kuziona kazi zake kwa macho. Unaingia na akili zako, unatoka unataka kupaka nyumba rangi ya waridi.

#10 Mkinga wa Mwanjelwa
Mwanamume anafuma?? Haya, dunia imeisha.

#11 Fundi Uyole
#10 acha ushamba. Hapa Mbeya mashine za kufuma masweta wengi tunaozisukuma ni wanaume, na hilo sweta la shule la mwanao mwanamume kalifuma. Ikiwa ni mashine ni kazi, ikiwa ni sindano mbili ni ukike?

#12 Mkinga wa Mwanjelwa
Mashine ni biashara mkuu. Sindano ni mapenzi.

#13 Mlinzi wa Boma
Hahaha. #12 atafute habari za kisiwa cha Taquile, Ziwa Titicaca, Peru. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, hata uwanda wetu wa juu wa Kitulo hauoni ndani. Kule wanaofuma kwa sindano ni wanaume, wanaanza wakiwa watoto, na kofia ya mtu inaonyesha kama ameoa au bado. UNESCO waliitambua sanaa yao 2005. Rangi zao ni nyekundu, pinki, bluu, kali kabisa.

#14 Kipengere
#13 umenipa jibu bila kujua. Baridi! Peru juu mlimani, rangi. Shetland baridi na upepo, rangi. Makete, rangi. Binadamu akikaa miezi mitatu bila kuona jua atalitengeneza mwenyewe. Mimi nimelelewa Makete, asubuhi ya mwezi wa saba nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, huoni mbuzi wako mwenyewe kwa ukungu. Mama alikuwa anatufumia mizula myekundu ili atuone tukienda shule. Hiyo siyo sanaa, ni usalama barabarani.

#15 Pwani Asilia
Haya mambo ya baridi yamenichekesha. Njooni Unguja, joto la kukaanga samaki, muone kanga zetu kama zina aibu. Kigoma nako ni joto, vitenge vyao vinapiga kelele. Rangi hazina habari na kipimajoto.

Tena viraka mnavyodai ni vyenu, sisi tulianza. Kanga yenyewe inasemekana ilianza kwa wanawake wa pwani kununua leso zikiwa bado kwenye jora, wanakata sita, wanaunga tatu juu tatu chini, wakajifunga. Karne ya 19 hiyo. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo.

#16 Binti Mufindi
Pwani na nyinyi. Kila kitu mlianza nyinyi, kasoro kuamka mapema.

#17 Pwani Asilia
Kuamka mapema tumewaachia wenye viazi.

#18 Msafiri wa Reli
Ongezeko kwa #15. Kuna Wasiddi wa India, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wazee wao walivushwa bahari kutoka upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka wanashona blanketi la viraka linaloitwa kawandi, kwa nguo zilizochakaa. Wanaanza pembeni, wanazunguka kuelekea katikati, tofauti na wengi wanaoanza katikati au kuunga miraba. Na kwenye kona nne lazima waweke vipande vidogo vya kukunja, wanaviita maua, bila hivyo blanketi linaonekana liko uchi. Rangi zake ukiziona utasema ni za Njombe. Labda mkono wa kuunga viraka ulivuka nao bahari.

#19 Mlinzi wa Boma
#18 kupendeza kwa hadithi hakuifanyi kuwa ukweli. India yenyewe wamejaa washona viraka kila jimbo. Wasiddi wangeweza kujifunza hapo hapo kwa majirani.

#20 Msafiri wa Reli
Na majirani wangeweza kujifunza kwa Wasiddi. Umesimama wewe pale ukaona?

#21 Mkinga wa Mwanjelwa
Mnapiga historia, mmesahau jambo la maana. Bei. Mleta mada, lile blanketi ulilolisalia ni shilingi ngapi?

#22 Ulanzi Baridi
Laki mbili na nusu. Nikamwambia asante mama, Mungu akubariki.

#23 Mkinga wa Mwanjelwa
LAKI MBILI NA NUSU kwa mabaki? #6 mama yangu si umesema mwenyewe ni kona za chini ya cherehani? Mwanjelwa blanketi la mtumba zito, lenye picha ya simba, unalibeba kwa elfu ishirini na tano na bado unaomba punguzo.

#24 Mama Cherehani
Mwanangu mfanyabiashara, keti nikufundishe.

Kona ni za bure, blanketi si la bure. Kwanza unachambua: kitenge cha pamba tupu huku, cha polista huku. Ukivichanganya, pasi ikipita cha polista kinajikunja na cha pamba kinabaki. Kisha unafua kila kipande, kwa sababu vitenge vya bei rahisi vinachuja; ukishona kabla ya kufua, mvua moja tu, nyekundu imehamia kwenye nyeupe, kazi ya mwezi imekwisha. Unapiga pasi. Unakata kwa rula, si kwa macho. Ukikosea upana wa kidole kwenye kipande kimoja, ukifika cha mia blanketi limekuwa mteremko wa Kitonga. Unaunga kwa pindo la robo inchi. Hapo umemaliza uso tu. Bado tumbo, yaani pamba au blanketi jembamba la katikati, na bado mgongo. Tabaka hizo tatu unazishikiza kwa mishono midogo inayopita zote, blanketi zima, ili tumbo lisikusanyike upande mmoja ukilifua. Mimi nashikiza kwa mkono, jioni, taa ya sola.

Laki mbili na nusu gawanya kwa hizo jioni. Kibarua wa chai anakuzidi.

#25 Fundi Uyole
Mama umemaliza. Niongeze la rangi maana ndiko tulikoanzia. Watu wanadhani blanketi zuri ni rangi nyingi. Hapana. Ni giza na mwanga. Chukua simu, piga picha ya blanketi, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama mchoro bado unaonekana, fundi anajua kazi. Kama imekuwa uji wa kijivu, ni vurugu tu hata kama kuna rangi hamsini. Kuna mtindo wa nyumba ya magogo, Wazungu wanauita log cabin, unaanza na mraba mdogo katikati halafu unazungushia vipande virefu. Nusu unaweka vyeusi-vyeusi, nusu vyeupe-vyeupe. Ukiunganisha miraba hiyo, mistari ya mwanga inakatiza blanketi zima na hakuna aliyeichora.

#26 Mhamiaji Baridi Mbili
#23, wewe unayecheka mabaki, soma habari za Gee's Bend. Kijiji cha weusi Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wake walishona viraka kwa suruali za kazi zilizochanika magotini, wajifunike kwenye vibanda vinavyopitisha upepo. Mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa makumbusho ya Houston, kisha Whitney, New York. Mwaka 2006 zikatolewa kwenye stempu za posta za Marekani. Suruali za mashambani hizo.

#27 Mkinga wa Mwanjelwa
Kwa hiyo nishike mali mapema? Mama #6 unayo mangapi ghalani?

#28 Siti ya Mbele
Mkinga ameanza kuhesabu. Mwacheni.

#29 Mtoto wa Tukuyu
Kwetu Rungwe wazee wana maelezo tofauti kabisa. Babu alikwenda wenela, migodi ya dhahabu Afrika Kusini, kama vijana wengi wa Kinyakyusa wa enzi zake. Walikuwa wanarudi na sanduku la bati, na ndani ya sanduku lazima blanketi. Si haya ya kijivu, ni yale ya Kusini yenye michirizi na rangi mbili tatu. Mwanamume aliyerudi bila blanketi la rangi alikuwa hajaenda. Serikali ilipofunga wenela baada ya uhuru, yale mablanketi yakachakaa, na wake zao wakaanza kuyaiga kwa uzi. Bibi alikuwa na kipande cha blanketi la babu anakitumia kama kielelezo. Naongelea nyumba yetu, lakini nasikia na majirani wanasimulia hivyo.

#30 Kipengere
Hii ya wenela ina nguvu. Ila Makete wazee wengi walikwenda mashamba ya mkonge, huko walirudi na mafua tu.

#31 Mwalimu wa Sayansi Kimu (mstaafu)
Habari zenu vijana. Mmetaja misheni, baridi, migodi na Wahindi, ila miaka iliyotuumiza hakuna aliyeigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nguo hazikuwepo. Duka la kaya likipata jora mnagawana kwa mita. Kuna waliovaa magunia, na si mafumbo. Mtumba nao haukuwa huria mpaka biashara ilipolegezwa 1984. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi kimu, mtaala unasema mwanafunzi afume sweta, uzi hakuna. Tukawaambia kila mmoja alete kitu cha kufumua kutoka nyumbani. Darasa zima likafuma masweta ya rangi saba saba kwa sababu hakuna aliyekuwa na uzi wa rangi moja unaotosha hata mkono. Wasichana wale ndio mama wenye meza leo. Umoja wa Wanawake nao ulikuwa na vikundi vya kushona vijijini, hali ni ile ile. Shida ilifanya rangi nyingi ziwe kawaida, watoto wao wakakua wakiona hivyo ndivyo sweta linavyokuwa.

#32 Mama Cherehani
Mwalimu!! Nisingekuita kwa jina humu, ila hiyo sauti naifahamu. Ulinikata maksi kwa kuacha kitanzi.

#33 Mwalimu wa Sayansi Kimu (mstaafu)
Kitanzi kilichoachwa kimeachwa, mwanangu.

#34 Kemia ya Mtaani
Nawaheshimu wote lakini hamjagusa rangi zenyewe. Kabla ya 1856 rangi zilitoka kwenye mizizi, magome na wadudu, zambarau ilikuwa ya wafalme. Mwaka huo kijana wa miaka 18, William Perkin, akiwa anatafuta dawa ya malaria London, akapata zambarau kutoka lami ya makaa ya mawe. Hapo ndipo rangi kali zikaanza kuwa za kila mtu. Kisha nyuzi za akriliki zikaingia sokoni kuanzia 1950. Akriliki inashika rangi kwa ukali ambao sufu haiufikii kirahisi, haichuji ovyo, na ni rahisi. Kondoo wetu wengi huku ni wa nywele, hawatoi sufu ya kusokota, kwa hiyo mfumaji wa Njombe hajawahi kuwa na uzi wa kijivu wa asili wa kuanzia. Alianza moja kwa moja na uzi wa dukani, na uzi wa dukani umekuja tayari unawaka. Angekuwa na kondoo wa Shetland leo mngekuwa mnauliza kwa nini wanapenda kahawia.

#35 Fundi Uyole
#34 umenigusa, ila mtaani uzi mweusi na kijivu upo tele, bei ile ile. Watu hawanunui. Mimi nimekaa na koni ya kijivu mpaka panya wameizoea.

#36 Binti Mufindi
Labda kwa sababu kijivu tunacho bure nje.

#37 Kipengere
Nilisema! Baridi!

#38 Pwani Asilia
Tumerudi kulekule.

#39 Dereva wa Kitonga
Wakuu nachungulia tu. Hivi hapo Iringa si ndiko kuna wale wanaotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo? Abiria mmoja alinionyesha kadi nikanusa mara mbili.

#40 Ulanzi Baridi
Ndio hao, Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, ipo tangu 2003, wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Wanafuma pia kwa mitambo ya mbao. Karatasi hainuki mkuu, inachemshwa. Ila maonyesho ninayosema mimi ni mengine, haya ni ya akina mama wenyewe.

#41 Siti ya Mbele
Sasa kati ya misheni, kiroba cha mabaki, baridi, wenela, duka la kaya na lami ya makaa, mleta mada umechukua lipi?

#42 Ulanzi Baridi
Nimebaki na masista, ila wale waliokuja 1919. Mke wangu anasema mabaki. Hatujasemezana vizuri tangu asubuhi.

#43 Mkinga wa Mwanjelwa
Mama #6, nimekutumia ujumbe ndani. Nachukua matatu, mgongo uwe wa rangi moja, wateja wangu wa Mbalizi hawapendi kuchanganyikiwa pande zote mbili. Na usafiri nani analipa?

#44 Mama Cherehani
Usafiri unalipa wewe. Na nusu ya pesa inatangulia, mwanangu, nawafahamu Wakinga.